KUKIMBIA BESI: Mwongozo kwa vijana wa Katonga wasio na glovu wala gongo

Leo mada ni michezo ila sio soka. Kila nikigusia besiboli napata swali lile lile kutoka kwa madogo wa kwetu Katonga: "Kaka, vifaa hatuna, tutaanzaje?"

Swali ni la haki kabisa. Glovu ya besiboli mimi sijawahi kuiona kwenye duka lolote la michezo hapa mjini. Gongo nalo (la kupigia mpira jamani, sio lile la kunywa) mtachonga kwa fundi seremala. Lakini kuna sehemu moja ya mchezo huu ambayo haidai kifaa hata kimoja, nayo ndiyo inaleta pointi: KUKIMBIA BESI. Ukiijua vizuri, siku vifaa vikifika utakuwa umemwacha mbali yule aliyekaa anasubiri glovu. Basi nimekusanya hapa yote ninayoyajua, mengine nilifundishwa nilipokuwa sekondari, mengine nimeyasoma. Printi ukurasa huu kama dakika zako za kafe zinaisha, ukausome nyumbani.

KWANZA, MCHEZO WENYEWE KWA KIFUPI

Kwa ambaye hajawahi kuona: uwanja una besi nne zilizopangwa kama mraba uliosimama kwa pembe. Ya chini inaitwa nyumbani, hapo anasimama mpigaji. Mrushaji yuko katikati ya mraba, anarusha mpira. Mdakaji amechuchumaa nyuma ya mpigaji. Ukipiga mpira unakimbilia besi ya kwanza iliyo kulia kwako, halafu ya pili, ya tatu, na kurudi nyumbani. Ukifika nyumbani salama timu yako imepata pointi moja. Timu ikipata auti tatu zamu yake imeisha, inaingia nyingine.

Umbali kutoka besi hadi besi kwa wakubwa ni mita 27.4. Kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini, na kwa sofboli, ni mita 18.3. Ni padogo sana, ndio maana kosa la nusu hatua linakutoa.

MBIO PEKE YAKE HAZITOSHI

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Tumezoea mpira wa miguu, tunajua kuchomoka, basi mtu anadhani besiboli ni kufyatuka tu. Sikilizeni kisa hiki.

Mwaka 1974 timu ya Oakland Athletics ya Marekani ilimsajili mwanariadha wa mbio fupi anaitwa Herb Washington. Jamaa alikuwa na kasi ya kutisha, rekodi za dunia za mbio fupi za ndani alikuwa nazo. Kazi yake ilikuwa moja tu: aingie badala ya mwenzake aliyefika besi, akimbie. Alicheza mechi 105 kwenye ligi kuu na hakuwahi kushika gongo kupiga mpira hata mara moja! Msimu huo wa 1974 alijaribu kuiba besi mara 45, akafanikiwa 29 na kukamatwa 16. Yaani zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu anatolewa. Kwenye fainali za mwaka huo, mechi ya pili, aliingizwa dakika za mwisho timu yake ikidaiwa pointi moja. Mrushaji wa Dodgers, Mike Marshall, akageuka ghafla akarusha mpira besi ya kwanza, Washington akakamatwa amesimama nje ya besi. Oakland wakapoteza mechi hiyo 3-2. Ubingwa walikuja kuuchukua, lakini mechi ile iliondoka hivyo.

Sasa mlinganishe na Rickey Henderson, aliyefariki Desemba 2024. Huyu aliiba besi 1,406 katika maisha yake ya mchezo, na msimu mmoja wa 1982 aliiba 130. Hakuna aliyemkaribia. Kasi alikuwa nayo, lakini alikuwa anamsoma mrushaji kama unavyosoma gazeti. Na hata yeye alikamatwa mara 335, kwa hiyo usife moyo ukitolewa.

Tofauti ya hawa wawili ni MACHO na UAMUZI. Hayo yanafundishika, na kwetu yanafundishika bure.

1. KUTOKA NYUMBANI HADI BESI YA KWANZA

Ukishapiga mpira chini, usibaki kuuangalia. Kila ukigeuza shingo unapunguza kasi. Angalia besi tu, na msikilize kocha aliyesimama pembeni ya besi.

Besi ya kwanza ina upendeleo wake: unaruhusiwa kuipita. Kwa hiyo ipite kwa kasi yote kama vile mwisho wa mbio uko mita tano mbele yake. Kanyaga ukingo wa mbele wa besi, wa upande unaotokea wewe. Usiruke kuifuata, maana ukiwa hewani huongezi kasi. Usiteleze pia, kuteleza kunakuchelewesha.

Ukishapita, punguza kwa hatua fupi fupi huku unatazama KULIA. Kwa nini kulia? Kwa sababu mpira ukimpita mlinzi wa besi ya kwanza utakwenda upande huo, na wewe ukiuona mapema unawahi besi ya pili. Ila usijifanye unaelekea besi ya pili kama hujaamua, kwa sababu ukionyesha nia ya kwenda wanaweza kukugusa na mpira ukawa auti.

2. KUKUNJA KONA

Mpira ukienda mbali na unataka besi mbili au zaidi, huwezi kukimbia moja kwa moja halafu ugeuke digrii tisini. Mwangalie bodaboda anavyoingia kona: anatanua kidogo kwanza, halafu anaingia kwa kulala ndani. Fanya hivyo hivyo. Kama mita nne au tano kabla ya besi tanua kuelekea kulia, kisha ingia, inamisha bega la kushoto kwa ndani, na kanyaga kona ya ndani ya besi. Mguu wowote sawa, usivunje hatua kwa kutafuta mguu fulani. Ukiikanyaga kona hiyo besi inakusukuma kuelekea ya pili.

Ukishindwa kukunja vizuri utajikuta umeishia kwenye majani huko nje, na mita zote hizo ni zako kuzilipa.

3. UKIWA KWENYE BESI: MASWALI MATATU

Kila mara kabla mrushaji hajarusha, jiulize kimoyomoyo:

(a) Auti ngapi?
(b) Mpira uko mkononi mwa nani?
(c) Nalazimika au silazimiki?

Hilo la (c) ndilo linawachanganya wengi. Kama uko besi ya kwanza na mwenzako amepiga mpira ukaenda chini, yeye anaitaka besi yako, kwa hiyo wewe UNALAZIMIKA kwenda ya pili. Mlinzi hahitaji kukugusa, akikanyaga tu besi ya pili na mpira mkononi kabla hujafika, umetoka. Lakini kama uko besi ya pili na ya kwanza haina mtu, hakuna anayekusukuma. Unaweza kubaki, na wao kukutoa ni lazima wakuguse na mpira.

Sasa kanuni ndogo ndogo za kukariri:

- Uko besi ya pili hulazimiki, auti hazijafika mbili, mpira umepigwa chini. Ukienda upande wa mbele yako (kule kwenye besi ya tatu) subiri. Ukienda nyuma yako (upande wa kulia wa mpigaji) ondoka.
- Mpira wa juu ukidakwa, mpigaji ni auti na wewe lazima urudi kugusa besi uliyokuwepo. Mpira mfupi, nenda nusu njia utazame. Mpira mrefu na wewe uko besi ya tatu, rudi ukanyage besi, na mlinzi akiugusa tu, chomoka nyumbani.
- Auti zikiwa mbili, gongo likigusa mpira wewe kimbia bila kuuliza. Ukidakwa zamu imekwisha hata ungebaki.
- Usikubali kuwa auti ya kwanza wala ya tatu kwenye besi ya tatu. Ukiwa ya pili tayari pigo moja zuri linaweza kukurudisha nyumbani, tamaa ya nini?

Nilipokuwa shule niliona kijana mmoja mwepesi kuliko wote anatolewa besi ya tatu na auti zilikuwa mbili, mpigaji wetu bora akiwa anafuata. Kila mtu uwanjani alibaki na mdomo wazi. Mbio alikuwa nazo, swali la (a) hakujiuliza.

4. KUJITENGA NA BESI, NA KUIBA

Kuiba maana yake ni kuchomoka kwenda besi inayofuata wakati mrushaji anamrushia mpigaji. Hapa angalieni kanuni za mchezo mnaocheza. Kwenye besiboli ya wakubwa unaruhusiwa kujitenga na besi kabla. Kwenye sofboli ya mrusho wa kasi husogei mpaka mpira uachie mkono wa mrushaji. Kwenye ligi ya watoto wa miaka 12 unasubiri mpira umfikie mpigaji.

Kwa wakubwa, toka besi kama mita tatu hadi tatu na nusu. Nenda kiubavu, mguu ufuate mguu, USIPISHANISHE MIGUU, maana mpira ukirudi ghafla utajikwaa mwenyewe. Magoti yakunjwe, mikono ining'inie. Kipimo chako ni hiki: uweze kurudi kwa hatua moja na kujitupa.

Halafu msome mrushaji. Anayetumia mkono wa kulia anakupa mgongo ukiwa besi ya kwanza, kwa hiyo tazama visigino vyake. Kisigino cha kulia kikinyanyuka kwanza, anakugeukia, rudi. Mguu wa kushoto ukinyanyuka kwanza, anarusha kwa mpigaji, ondoka. Wa mkono wa kushoto anakutazama usoni, huyo ni mgumu.

Tupige hesabu kidogo. Mrushaji mzuri anatumia kama sekunde 1.3 tangu aanze kusogea mpaka mpira umfikie mdakaji. Mdakaji mzuri wa ligi kubwa anatumia kama sekunde 2 kuudaka na kuufikisha besi ya pili. Jumla sekunde 3.3. Wewe una kama mita 24 za kukimbia. Ukichelewa kuondoka kwa robo sekunde, hakuna mbio za kuikomboa. Ukiwahi robo sekunde, hata mwenye mbio za kawaida anafika.

Na vipande vidogo vina thamani kweli. Mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani iliongeza ukubwa wa besi kutoka sentimita 38 hadi 46 kila upande, na umbali wa kutoka besi ya kwanza hadi ya pili ukapungua kwa sentimita 11 hivi tu. Pia mrushaji akawekewa kikomo cha kumsumbua mkimbiaji. Besi zilizoibwa zikapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023!

5. KUTELEZA BILA KUVUNJIKA

Hapa wazazi wana hofu na wana haki. Mguu ukivunjika ni gharama ya hospitali, na kijana anayesaidia kuvuta wavu nyumbani anakaa miezi. Kwa hiyo fuateni mpango huu, msirukie:

- Tangulizeni miguu, kamwe sio kichwa.
- Mguu mmoja umenyooka mbele, mwingine umekunjwa chini yake, kama namba 4. Unatua kwenye tako na paja la mguu uliokunjwa, sio kwenye goti.
- Kidevu kifuani, mikono juu. Shika mchanga kidogo kwenye kila kiganja, hautaegemea mkono ukavunja kifundo.
- Anza kuteleza mita mbili hadi tatu kabla ya besi. Ukichelewa kuanza ndio unaumia. Ukishaamua, usighairi katikati.

Anzeni kwa kukaa chini mkijipanga mkao wa namba 4, halafu kwa kutembea, halafu mbio za taratibu. Pa kujifunzia ni mchanga laini au turubai bovu lililomwagiwa maji kwenye majani. Nasema turubai BOVU, msije mkachukua la mama anayeanika dagaa mkaleta kesi. Mchanga wa mwaloni ukaguliwe kwanza kwa mikono: ndoano, vioo, mifupa ya samaki, misumari ya mitumbwi. Na alama ya besi wakati wa kuteleza iwe kipande cha boksi au mkeka, sio kiroba kilichojaa. Kiroba kigumu kinavunja kifundo cha mguu.

6. MAZOEZI YA WIKI HAPA HAPA KATONGA

Asubuhi mwaloni kuna mitumbwi inarudi na watu wako kazini, msiwasumbue. Jioni kuanzia saa kumi panatulia. Salimieni wakubwa, shikamoo haina gharama, ombeni nafasi, nyavu zilizoanikwa msizikanyage.

Kupima uwanja: chukueni kamba mbili za wavu. Moja mita 18.3 (hatua 24 hivi za mtu mzima), nyingine mita 25.9. Ya kwanza ni upande wa mraba, ya pili ni kutoka nyumbani moja kwa moja hadi besi ya pili. Zikikubaliana mraba wenu umenyooka. Besi za kukanyagia ni viroba vilivyowekwa mchanga kidogo na kulazwa bapa.

JUMATATU: kupita besi ya kwanza, mara 8, mwenzako anapima kwa simu. Andika muda kwenye daftari.
JUMATANO: kukunja kona. Weka ndoo pale unapotakiwa kutanua, uizunguke kwa nje. Mara 6.
ALHAMISI: kuondoka. Mmoja anajifanya mrushaji ameshika kokoto, mara anarusha mbele, mara anageuka. Wengine wanasoma visigino. Anayekosea anakaa pembeni.
IJUMAA: maswali. Mmoja anapaza sauti, "Auti moja, uko ya pili, mpira wa chini kulia!" Unaamua PAPO HAPO kwa miguu, sio kwa mdomo.
JUMAMOSI: kuteleza, mara 5 tu, halafu mchezo wenyewe hata kwa mpira wa tenisi.

Na dada zetu msikae pembeni. Mliocheza rede mna nusu ya somo tayari: kusoma mkono wa mrushaji, kusogea kiubavu, kukwepa mpira, kurudi haraka. Nilishaona mabinti wakijifunza kusoma mrushaji kwa siku moja, wavulana wa soka tukahangaika wiki nzima.

HII INATUPELEKA WAPI?

Wengine mtasema mchezo wa wazungu huu, au wa matajiri. Tazameni majirani. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Uganda ilifuzu mashindano ya dunia ya ligi ya watoto kule Williamsport, Marekani, ikanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakafika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, na wakawafunga Wamarekani wa Gresham, Oregon, 3-2. Hapa kwetu kuna chama cha besiboli na sofboli, TaBSA, na kwa msaada wa Japani uwanja wa besiboli ulijengwa Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, mwaka 2018.

Na thamani ya mkimbiaji mmoja? Mwaka 2004 Boston Red Sox walikuwa wamefungwa mechi tatu mfululizo na Yankees, wanadaiwa pointi moja, zamu ya mwisho. Akaingizwa Dave Roberts besi ya kwanza. Uwanja mzima ulijua ataiba. Mrushaji Mariano Rivera akarusha besi ya kwanza mara tatu kumzuia. Roberts akarudi mara tatu, halafu akaiba, akafunga. Boston wakashinda mechi hiyo na saba zilizofuata, wakachukua ubingwa ambao hawakuwa nao tangu 1918. Roberts hakupiga hata mpira mmoja usiku ule, na jina lake linatajwa mpaka leo.

Siku kocha akija kuangalia vijana huku kwetu, hawezi kukupima kupiga kama hujawahi kushika gongo. Atakwambia kimbia. Hapo ataona kama unakanyaga kona ya ndani, kama unatazama kulia, kama unajua auti ni ngapi.

Mwenye swali au mwenye kamba ya wavu ya ziada aandike hapo chini. Madogo wa Katonga, Jumatatu saa kumi jioni viroba viwe tayari. Naomba kuwasilisha.